Mbona Hojaji Hazirudi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utafiti wa Posta

Ukurasa huu ni wa watu wa aina mbili: anayetuma hojaji akangoja majibu mpaka akachoka, na anayeipokea akaiweka juu ya friji, isishuke tena. Nimekaa pande zote mbili. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kufungua bahasha zilizorudi na kuingiza majibu kwenye kompyuta, na wakati huohuo nyumbani kwangu zilijaa bahasha zangu mwenyewe ambazo sijazijibu. Maswali haya huniuliza wanafunzi, na pia ndugu na jamaa walioko ughaibuni.

Hojaji ya posta ni kitu gani? Huku kwetu mbona sijawahi kuiona?

Ni karatasi ya maswali (wengine huiita dodoso) inayotumwa nyumbani kwako pamoja na bahasha ya kurudishia, ambayo kwa kawaida imeshalipiwa. Hakuna anayekuja kukuuliza. Unasoma mwenyewe, unajaza mwenyewe, unarudisha mwenyewe.

Hujaiona kwa sababu kwetu barua haiji mlangoni. Inaishia kwenye sanduku la posta, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule, la parokia au la ofisini kwa mjomba. Huwezi kuchagua nyumba za kutafiti kwa kutumia orodha ya masanduku. Ndiyo maana sensa zetu hufanywa kwa miguu: Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, karani alibisha hodi akiwa na kishikwambi mkononi. Operesheni ya anwani za makazi iliyoandamana na sensa ya Tanzania ilizipa nyumba namba na mitaa majina, lakini namba ukutani haimleti tarishi.

Hojaji ya posta imeota mizizi kule ambako barua hutumwa kwa anwani ya kila nyumba: Marekani, Uingereza, Kanada. Marekani ilianza kutegemea posta kwa sehemu kubwa ya kaya zake katika sensa ya mwaka 1970. Kwa hiyo Mswahili hukutana nayo akishahamia Ohio au Leeds, na hapo ndipo ninapoanza kupigiwa simu.

Asiyejibu amekataa, sivyo?

Mara nyingi sivyo, na hili ningependa mtuma hojaji alishike kabla ya mengine yote. Kukataa ni uamuzi, na watu wengi hawafiki hata hatua ya kuamua.

Ifuate bahasha moja. Inaingia Jumanne pamoja na bili ya umeme, tangazo la pizza na barua ya benki. Anayeziokota ni kijana wa miaka 15. Anazimwaga mezani na kwenda zake. Mama akirudi kazini anachambua: bili huku, matangazo kwenye taka. Bahasha yetu imeandikwa "Kwa Mkazi wa Nyumba Hii", haina jina la mtu, kwa hiyo inaponea chupuchupu. Anaifungua, anakuta kurasa kumi na mbili. "Nitaijaza Jumapili nikitulia." Inapanda juu ya friji. Jumapili kuna ibada, kuna nguo za kufua, kuna simu za nyumbani. Wiki ya tatu mtu anageuza bahasha na kuandika mgongoni: mchele, vitunguu, sabuni ya vyombo. Mama huyu hakukataa. Ukimpigia leo atakuambia kwa moyo mweupe kwamba bado anakusudia kuijaza.

Halafu kuna bahasha zinazomkuta mtu amehama, yuko safarini, amelazwa au ameshazikwa. Nakumbuka moja iliyorudi tupu, imebandikwa kikaratasi: "Mume wangu alifariki mwezi Machi." Hojaji ilikuwa inamuuliza marehemu ameridhikaje na huduma aliyopata. Mfumo wetu haukuwa na mahali pa kuandika hivyo, nikamwingiza kama "hakujibu". Lilikuwa kosa. Mtu wa namna hiyo huhesabiwa kando, maana hakuwa tena miongoni mwa wale wanaoweza kujibu. Nimesahau majibu maelfu niliyoyaingiza, ila kile kikaratasi sijakisahau.

Sawa, lakini wapo wanaokataa kwa makusudi. Wao wana sababu gani?

Kubwa ni kwamba hawamwamini aliyetuma. Wafanyabiashara wamelichafua jina la utafiti kwa bahasha zinazoanza na "Tunathamini maoni yako", na ukifika swali la tano unauziwa bima. Huko Marekani hata wanasiasa hutuma "uchunguzi wa maoni" ambao ukurasa wake wa mwisho ni fomu ya mchango. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Wengine hawaoni jambo lenyewe linawahusu nini. Mwaka 2000 Robert Groves na wenzake walieleza hili vizuri: kila mtu ana mizani yake, na kinachoelemea upande wa kujibu kwa mmoja hakina uzito kwa mwingine. Mgonjwa wa kisukari atajibu hojaji ya kisukari hata bila kupewa senti. Jirani yake mwenye afya atataka kwanza kujua anapata nini.

Kisha kuna maswali yanayoonekana kama umbea wenye nembo ya serikali. Hojaji ya American Community Survey (utafiti wa Ofisi ya Sensa ya Marekani), inayotumwa kwa anwani zipatazo milioni 3.5 kila mwaka, inauliza kipato, idadi ya vyumba, na wiki iliyopita safari yako ya kwenda kazini ilikuwa inaanza saa ngapi. Shangazi yangu mmoja aliposomewa swali hilo alivua miwani: "Wanataka kujua saa ngapi nyumba iko tupu?" Nilimweleza kwamba majibu hayo hutumika kupanga barabara na mabasi. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mpwa wake.

Usisahau lugha na macho. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilikuwa na miongozo katika lugha 59 mbali na Kiingereza, Kiswahili kikiwamo, lakini fomu yenyewe ya karatasi ilichapwa kwa Kiingereza na Kihispania tu. Mzee aliyetoka kambi ya Nyarugusu akaishia jimbo la Kentucky anashika mwongozo mkono mmoja na fomu mkono mwingine, anapita mstari kwa mstari kama fundi asiyejua mashine. Akiiacha njiani, usimwite mgumu wa kushirikiana.

Nimekuta dola mbili ndani ya bahasha. Ni mtego?

Hapana. Watafiti wa Marekani wamekuwa wakitia noti ndogo ndani ya bahasha kwa miongo mingi, maana mkono mtupu haulambwi.

Ajabu yake ni hii: noti ndogo iliyotangulizwa humvuta mtu kuliko ahadi ya pesa nyingi zaidi atakazolipwa akishajibu. Ukiahidiwa dola kumi unapiga hesabu ya kibarua, nusu saa ya kujaza, kungoja hundi wiki sita, na unaona hailipi. Noti iliyokwishaingia mfukoni haipigiwi hesabu hiyo. Ni kama mgeni aliyekuja na kilo ya sukari: umeshaipokea, huwezi kumwacha amesimama mlangoni. Don Dillman, mwanasosiolojia wa Washington State University, alijenga mbinu yake nzima ya mwaka 1978 juu ya wazo hilo la kupeana, yaani mpunguzie mtu usumbufu, mwonyeshe faida, mpe sababu ya kukuamini. Na mapitio ya mwaka 2009 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio mengi, yaliyokusanya majaribio 481 ya hojaji za posta, yalikuta kwamba kutia pesa kulikaribia kuzidisha maradufu uwiano wa wanaojibu kwa wasiojibu.

Chumba cha kufungulia bahasha kilinifundisha jambo la ziada. Wapo waliojaza kila swali na kuirudisha noti ikiwa imekunjwa vizuri, wameandika "mpeni mwenye shida". Wapo pia waliorudisha noti bila kujibu chochote. Hao ndio waliokataa kikwelikweli, na niliwaheshimu.

Nikumbushe watu mara ngapi bila kuwa kero?

Kwa mbinu ya Dillman, wiki moja baada ya hojaji unatuma postikadi fupi inayowashukuru waliokwishajibu na kuwakumbusha wengine. Wiki ya tatu, barua nyingine na hojaji mpya kwa wasiojibu. Wiki ya saba, barua ya rejesta. Watu husahau umuhimu wa ile hojaji ya pili: unamwambia mtu "tafadhali jaza hojaji tuliyokutumia" wakati orodha ya vitunguu imeshakwenda nayo. Mpe nyingine.

Anayedhani anasumbua akumbuke Sir John Sinclair wa Scotland. Mwaka 1790 aliwaandikia wachungaji wa parokia zote, zaidi ya 900, akiwauliza maswali yapatayo 160 kuhusu ardhi, watu, mifugo na desturi. Inasimuliwa kwamba alikumbusha mara 23 na kwamba barua ya mwisho aliiandika kwa wino mwekundu. Parokia zote zilipatikana, na kitabu kikakamilika mwaka 1799 kikiwa na majuzuu 21. Wewe umekumbusha mara moja tu, tena kwa barua pepe.

Nikiifupisha hojaji, watajibu?

Zaidi kidogo, ndiyo. Lakini kurasa nne zinazochosha hushindwa na kurasa nane zinazomgusa mtu. Anza na swali ambalo mtu anataka kulijibu. Umri, dini na mshahara ziweke mwisho. Ukianza nazo unafanana na askari wa barabarani.

Barua inasema kujibu ni lazima kisheria. Ni kweli, au wananitisha tu?

Kwa sensa na kwa American Community Survey ni kweli. Sheria inaruhusu faini. Kinachotokea kwa kawaida, hata hivyo, ni barua zaidi, kisha mtu kubisha hodi.

Neno "lazima" lina nguvu, na Kanada ililijaribu kwa gharama kubwa. Mwaka 2006 fomu yao ndefu ya sensa, iliyokuwa ya lazima, ilijibiwa na asilimia 93.5 ya kaya zilizoipokea. Serikali ikaamua kwamba mwaka 2011 iwe ya hiari. Mkuu wa takwimu wa nchi, Munir Sheikh, alijiuzulu Julai 2010 kwa ajili ya jambo hilo. Wakatuma fomu kwa kaya nyingi zaidi ili kufidia, lakini majibu yakashuka hadi asilimia 68.6, na takwimu za maeneo mengi madogo hazikuchapishwa kwa sababu ubora haukutosha. Mwaka 2016 wakarudisha ulazima: asilimia 97.8. Wananchi walikuwa walewale. Kilichobadilika ni neno moja kwenye barua.

Tahadhari kwa wanafunzi: msiazime maneno haya. Hojaji ya tasnifu si sensa, na kumtisha mtu kwa sheria isiyokuwepo ni udanganyifu.

Majibu yangu yatafika uhamiaji?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini. Kwa Ofisi ya Sensa ya Marekani, sheria inayoitwa Title 13 inakataza kumpa mtu au idara yoyote majibu yanayoweza kukutambulisha. Mfanyakazi anayevunja katazo hilo anaweza kufungwa hadi miaka mitano, kutozwa hadi dola 250,000, au vyote viwili. Fomu za sensa zenye majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72.

Sitakuambia kwamba hofu ilitoka hewani. Mwaka 1942, wakati wa vita, sheria iliulegeza ulinzi huo, na takwimu za sensa zilitumika katika zoezi la kuwakusanya na kuwapeleka kambini Wamarekani wenye asili ya Japani. Na serikali ilipotaka kuingiza swali la uraia katika sensa ya 2020, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Juni 2019 ilizuia jambo hilo, na swali halikuwemo. American Community Survey inalo swali hilo. Mimi hujibu zangu. Lakini mtu aliyekimbia nchi yake kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha fulani, siendi kumhubiria kuhusu Title 13 nikiwa nakunywa chai yake.

Kama nimepata majibu mengi tu, kuna haja ya kuhangaikia wasiojibu?

Jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilidhani hakuna. Mwaka 1936 lilituma kura za maoni zipatazo milioni 10 kwa posta, kwa kutumia orodha kama za wenye simu na wenye magari. Zilirudi milioni 2.3 hivi. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon, gavana wa Kansas, angemshinda Rais Franklin Roosevelt katika uchaguzi. Novemba ilipofika, Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48 na takriban asilimia 61 ya kura. Digest lilizimika mwaka 1938.

Vitabu vingi huishia kwenye simu na magari: waliulizwa matajiri, basi. Hiyo ni nusu tu. Watu walioulizwa baadaye kama walipokea karatasi ile na kama waliirudisha walionyesha jambo zito zaidi: hata miongoni mwa waliopokea, wafuasi wa Landon ndio waliokuwa na hamu ya kujibu, na waliokaa kimya walikuwa wa Roosevelt kwa wingi. Hasira iliirudisha bahasha; kuridhika kuliiacha juu ya friji.

Ndiyo maana asilimia peke yake haitoshi. Ukiuliza kuhusu zahanati na wasiojibu ni watu wa kila namna waliosongwa na kazi, huenda majibu ya asilimia 30 yakawa karibu na ukweli. Ukipata asilimia 70 lakini wale 30 waliobaki ndio walioumwa mpaka wakashindwa kushika kalamu, umeandika ripoti ya wenye afya. Uliza kwanza kama kilichowanyamazisha kina uhusiano na unachokipima.

Nitajuaje wasiojibu wakoje, ilhali hawajajibu?

Unawafuata wachache. Morris Hansen na William Hurwitz wa Ofisi ya Sensa waliandika njia hiyo mwaka 1946: tuma kwa posta kwa wote kwa kuwa ni rahisi, kisha chagua sampuli ya walionyamaza na umtume mtu akawahoji ana kwa ana. Hao wachache wanawasemea wenzao. Njia ya mkato ni kulinganisha waliojibu mapema na waliojibu baada ya kukumbushwa mara tatu, au kulinganisha umri na jinsia za waliojibu na zile za sensa. Inasaidia, ila mzembe wa kujibu na aliyegoma kabisa si mtu mmoja.

Mimi ni mwanafunzi. Nimetuma hojaji 200, zimerudi 31. Nifanyeje?

Usitafute kitabu cha kukufariji. Najua kile kipimo kinachozunguka kwenye tasnifu za Afrika Mashariki: asilimia 50 inatosha, 60 nzuri, 70 nzuri sana. Wasimamizi wanakipenda kwa sababu kinamaliza ubishi, lakini baada ya kisa cha 1936 hapo juu utaona kwa nini hakinishawishi.

Anza na hesabu. Kati ya 200, ngapi zilirudishwa kwa kuwa anwani haipo? Ngapi zilimkuta asiyehusika? Hizo ziondoe kwenye ile 200 unayogawia na useme umeziondoa. Kisha kumbusha, ukiwa na nakala mpya. Kama uko Nairobi au Morogoro, achana na posta: peleka kwa mkono, acha, uifuate baada ya siku tatu, kama wengi wanavyofanya. Njia hiyo hurudisha karatasi nyingi, ila ina kasoro yake ambayo tasnifu hazisemi. Afisa anayeachiwa hojaji na meneja wake, akijua itafuatwa Ijumaa, anajibu kwa jicho la meneja. Mpe bahasha ya kufunga kwa gundi. Ni shilingi chache, na utaona majibu ya swali la uongozi yanavyobadilika.

Si zote zihamie mtandaoni tu?

Zinahamia. Katika sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021, kaya karibu tisa kwa kila kumi zilijibu mtandaoni. Lakini zilijuaje pa kujibia? Zilitumiwa barua ya posta yenye namba ya siri. Friji bado iko palepale.

Nimeikuta bahasha ya miezi minne iliyopita chini ya kochi. Bado niirudishe?

Tazama tarehe kwenye barua. Kama imepita sana, piga namba iliyochapwa hapo uwaulize. Tafiti nyingine hufungwa mwezi kwa mwezi, nyingine hupokea mpaka mwisho wa mwaka. Kama ina jina la aliyehama, iandike "hayupo hapa" na uirudishe posta bila kuifungua. Kama ni yako na ina dola mbili ndani, ni zako, umejibu au hujajibu.